Inzi wa Macho Meupe

Mwanangu Rehema,

Umetoka hapa na mdogo wako Saidi kwenda Chamwino kumuaga shangazi yako, nami nikakuambia nabaki nimalizie gauni lako. Gauni limekwisha tangu asubuhi. Nilitaka mtoke, ndiyo kweli yenyewe, maana nina maneno ambayo nikikutazama usoni hayatoki. Kila nilipojaribu juma hili niliishia kukuuliza kama umeshakula.

Kwa hiyo nimekaa mbele ya cherehani na kuifanya meza. Upepo wa leo hautulii. Bati la jikoni limelegea, linagonga, linanyamaza, linagonga tena, na mimi nimeshainuka nikaenda kulitazama kana kwamba litatulia kwa kutazamwa. Nimerudi. Nimekaa. Tuendelee.

Sitakuandikia habari za sweta, wala maji ya kunywa, wala kuswali kwa wakati. Hayo kama hukuyashika kwa kulelewa, hutayashika kwa barua. Nataka kukuandikia habari za macho. Wewe unakwenda nchi ya watu kusoma jicho la inzi, na watu wa mtaa huu wananiuliza kila siku, "Mama Rehema, inzi? Inzi huyu huyu?" Nawajibu ndiyo, huyu huyu, nao wanacheka, nami nacheka nao. Lakini sicheki moyoni. Mimi najua ulikoanzia.

Ulianzia kwenye lori.

Ilikuwa ile miaka ya mwanzo ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni na unga, na ghafla kila mwenye mlango alikuwa na duka. Kampuni ya umma aliyoiendeshea gari baba yako ikafungwa, madereva wakaambiwa warudi nyumbani. Yeye na ndugu yake wakachanga, wakanunua lori kuukuu, nalo likatulisha. Tulileta alizeti na mbaazi kutoka Kondoa. Msimu wa zabibu tulikwenda Hombolo. Utakumbuka zile zabibu zilizopondeka chini ya kreti, zilivyochacha kwa joto, na vile vijinzi vidogo vilivyotuingia puani. Ulivipunga kwa ncha ya khanga yangu, ukaniuliza vimejuaje kwamba kuna zabibu humu. Nilikujibu kwamba vina macho. Sikujua ninasema nini.

Baba yako alikuwa haoni usiku. Niligundua mwezi ule ule niliopelekwa kwake. Nilimpa kikombe cha chai jioni, taa ikiwa mbali, akanyoosha mkono akashika hewa. Kwao wakisema ana macho ya kuku, kwa kuwa kuku jua likizama hana lake, na wakayaacha hivyo, kama mtu anavyosemwa ana miguu mirefu. Mimi nami nikayaacha hivyo. Mchana alikuwa dereva hodari kuliko wenzake. Safari zetu tulizipanga zianze alfajiri kukiwa kumepambazuka na ziishe kabla ya magharibi.

Lakini biashara haijui magharibi. Mteja anachelewa, tairi linapasuka, mizani ina foleni. Ndipo nilipoanza kupanda naye. Watu wakasema mke wa Ramadhani ana wivu, hamwachi mumewe njiani. Nikawaacha waseme. Giza likiingia nilikaa mbele kabisa kwenye kiti nikamsomea barabara. "Shimo kushoto. Nyoosha. Mbuzi wawili, wamevuka. Punguza, kuna kona." Naye alikuwa akifuata sauti yangu, mikono yake ikiwa myepesi kwenye usukani. Nitakuambia jambo la aibu, mwanangu: nilizipenda zile safari. Sijawahi kuhitajiwa na mtu namna ile. Nilidhani hayo ndiyo mapenzi, na kwamba mke mwingine asingeyaweza.

Siku ile ya Kolo, upande wa Kondoa, ulikuwa katikati yetu. Ulikuwa likizo, ukalia mpaka tukakuchukua. Tulichelewa kupakia, jua likazama tukiwa bado tunashuka kile kilima. Nilikuwa nikisoma barabara kama kawaida. Kisha ukasema una kiu, nikainama kutafuta chupa ya chai miguuni. Ni kuinama tu. Wewe ndiye uliyepiga kelele, "Mtu!"

Nilipoinua kichwa tulikuwa tumeshamgonga.

Alikuwa mtu wa baiskeli, amefunga madumu ya maji nyuma. Baba yako alisimamisha gari, akashuka, akawa anapapasa hewa mbele yake, akiita, "Uko wapi? Ndugu yangu, uko wapi?" Na mtu mwenyewe alikuwa pale, mbele ya taa, hatua chache kutoka miguuni pake. Ulishuka ukamshika baba yako mkono ukampeleka. Ulikuwa mtoto wa kuvaa kaptula ya kaka wa jirani, na wewe ndiye uliyempeleka.

Tulimbeba mpaka zahanati. Jina lake Juma, fundi wa kuchoma matofali. Mguu ulikuwa umevunjika vibaya. Mganga alipokuwa akimfunga vipande vya mbao, Juma hakumtukana mtu. Alimgeukia baba yako tu.

"Taa zako zilikuwa zinawaka," alisema. "Nilikuona unanitazama usoni. Kwa nini hukunikwepa?"

Nilimvuta baba yako nje, nyuma ya zahanati. Nilimwambia, "Polisi wakija, sema breki zilikataa. Lori bovu, kila mtu anajua. Breki zilikataa." Nilimwambia mara nyingi, nikimshika kola, kama mtu anayemfundisha mtoto aya. Ulikuwa umesimama kando yangu, umeshika khanga yangu ile ile. Ulisikia yote. Hatujawahi kulizungumza, na leo sikuandikii ili unisamehe. Nakuandikia kwa ajili ya aliyofanya baba yako.

Askari alipouliza kilichotokea, baba yako alisema, "Sikumwona. Mimi usiku sioni. Nimekuwa nikiendesha hivi miaka."

Askari akaacha kuandika. "Unajua unachokisema, mzee?"

"Najua. Leseni hii hapa. Usinirudishie."

Nilimchukia usiku ule. Niandike tu. Nilimchukia njia nzima ya kurudi, tukiwa tumepakiwa nyuma ya gari la watu, kwa sababu kwa maneno mawili alikuwa ameondoa lori, riziki, na ile nafasi yangu mbele ya kiti. Lori liliuzwa, sehemu ikaenda kwa Juma, ambaye alipona akabaki anachechemea. Baba yako akaingia kwenye mashine ya kusaga, kazi ya mchana, kazi ya kusikiliza mtambo. Alikwenda kumtembelea Juma kila alipopata gari la kwenda huko, na Juma naye siku moja alikuja hapa na kuku wawili. Unawakumbuka, yeye na baba yako, wakinywa kahawa kibarazani? Niliwapikia, nikasimama mlangoni, nikajiuliza: ningekuwa nimeshinda mimi, huyu mtu angekuja kunywa kahawa na uongo?

Nimekwenda kuangalia maharage. Yameungua kidogo chini. Mtayala hivyo hivyo.

Tufike kwenye chupa zako.

Chuo kilipofungwa mwaka ule na wanafunzi wakarudishwa makwao, ulishuka kwenye basi na begi moja la nguo na sanduku zima la chupa. Chupa zimezibwa pamba, ndani uji wa mahindi na ndizi zilizosagwa, na juu ya uji inzi. Inzi wa macho meupe! Nilisogeza taa nikatazama. Wale wa kawaida macho yao mekundu kama kokwa za komamanga. Ya hawa wako meupe kama punje za mchele. Ukanieleza kwamba ni wa kuzaliwa hivyo, hawana ile rangi inayokinga jicho na mwanga mkali. Nusu ukaziweka dirishani, nusu ukazificha chini ya kitanda, ukazifunika kwa buibui langu la zamani. Ulitaka kujua kama waliokaa kwenye mwanga wataendelea kuufuata mwanga, au watauacha.

Nikasikia, nikasahau. Nilikuwa na jambo langu. Shangazi yako alikuwa amepata watu wa posa, familia ya heshima ya pale mjini, na walikuwa wanakuja siku ya Ijumaa baada ya swala. Na nyumba ilinuka ndizi zilizochacha.

"Msichana anayefuga inzi," shangazi yako aliniambia, ameziba pua, "ataposwa na nani? Na chura?"

Ulikuwa umekwenda sokoni. Nikazitoa chupa zote, za dirishani na za chini ya kitanda, nikazipanga juani kwenye ukuta wa uani. Nyingine nikazing'oa pamba ili zipumue, ili ile harufu itoke. Nikafua buibui. Nikafukiza udi. Uliporudi nyumba ilikuwa safi, na kazi yako ya miezi ilikuwa imeruka kuelekea kwa jirani.

Nilikuwa tayari kwa ugomvi. Nilikuwa na majibu kumi. Wewe ukaketi chini uani ukawa unaokota zile pamba moja moja. Ukasema, "Mama, ungeniuliza."

Basi. Hilo tu.

Watu wa posa walikuja, ukawapa shikamoo na sambusa, na baadaye ukamwambia baba yako hutaki, naye akawarudishia majibu kwa adabu. Hilo halikuniumiza. Lililoniumiza ni kuona kwamba mikono iliyozitoa chupa ni ile ile iliyomshika baba yako kola nyuma ya zahanati. Mimi nikiogopa kitu hufanya haraka kukisafisha. Nafuta, nafagia, nafukiza. Sikai nacho nikakitazama. Wewe unakaa nacho. Sijui ulipata wapi, labda kwa baba yako, lakini kama ni kitu cha kupotezwa njiani, hicho usikipoteze.

Jioni ile nilikuja nikakaa karibu nawe kwenye jamvi nikasema, "Haya, nieleze. Sasa nauliza." Nadhani hukuamini. Ulikwenda ukachukua brashi ya kufulia ukaniwekea mapajani.

"Jicho la inzi ni vijicho vingi," ulisema, "na ndani ya kila kijicho mna seli chache za kupokea mwanga. Seli moja imezungukwa na utando mmoja, kama ngozi. Lakini utando huo si namna moja kila mahali. Upande mmoja umejikunja ukawa nywele nyingi nyingi zilizobanana, kama brashi hii, na mwanga unanaswa humo. Chini ya brashi kuna sehemu laini inayoibeba. Tuiite kikonyo, kama kikonyo cha zabibu. Sehemu iliyobaki ni ukuta tu."

"Utando ni mmoja?"

"Mmoja. Haujakatika popote."

"Basi nani anauambia, hapa uwe brashi, hapa uwe kikonyo?"

Ukanitazama kwa namna ambayo hujawahi kunitazama. "Hilo ndilo swali lenyewe, mama. Watu wazima wanazeeka nalo."

Ukanieleza kwamba seli ina kiunzi ndani yake, nyuzi za protini nyembamba zisizoonekana kwa darubini ya shuleni. Nyuzi nyingine zinaingia ndani ya kila unywele wa brashi na kuusimamisha. Nyingine zimetandazwa chini ya kikonyo kama wavu, zimeushika utando usinywee. Na juu ya kikonyo hapo hapo inakaa protini nyingine inayoshikana na ule wavu, na hiyo inaelekea ndiyo inayoamua kikonyo kiwe kirefu kiasi gani. Ikikosekana, kikonyo kinakuwa kifupi, brashi haikui ikafika chini inakopaswa, na inzi huyo akikaa sana kwenye mwanga seli zake zinakufa.

Mimi ni fundi cherehani, nikalichukua kwa upande wangu. Kitambaa ni kile kile, nikasema, lakini ukiweka kitambaa kigumu ndani kinakuwa kola, na ukipitisha uzi na kuvuta kinakuwa marinda. Ukichomoa uzi, marinda yanafunguka. Ukacheka, ukasema karibu, lakini kola haijishoni yenyewe wala haijirekebishi kila siku, na seli inafanya yote mawili. Basi nikaacha kola yangu. Kitu kimoja tu ndicho kilichonikaa rohoni.

"Mwanga unaziua?" nilikuuliza. "Jicho linauawa na mwanga?"

"Jicho ambalo kiunzi chake kina kasoro, ndiyo."

Ukainama ukasema polepole, "Na kwa binadamu wako watu wenye kasoro ya protini inayofanana na hiyo. Wanaanza kwa kutoona usiku."

Hakuna aliyetaja jina. Mashine ya kusaga ilikuwa imeshazimwa, na tulimsikia baba yako anakuja, fimbo yake ikigonga mawe ya njiani.

Kisha Saidi.

Ulikuwa umeshamaliza chuo, unafundisha hapa hapa mjini, na mimi nimeanza kujiambia kwamba mambo yametulia. Magharibi moja Saidi akatoka bombani, akaijaza ndoo akaiweka chini, akageuka kufunga koki, akarudi akaipiga teke. Maji yote chini. "Nani kaweka ndoo hapa?" akafoka. Ni yeye aliyeiweka. Mimi na wewe tulikuwa tumekaa kwenye jamvi tunachambua mchele. Tulitazamana mara moja, tukarudi kwenye mchele.

Nilitaka kufagia. Unajua. Nilitaka kusema mvulana amechoka, ana mawazo ya mtihani. Safari hii nilingoja asubuhi tu, kisha nikavaa nikasema, "Twendeni hospitali, sote, na baba yenu."

Daktari wa macho alikuwa kijana mwenye sauti ya upole. Alimtazama baba yako, akamtazama Saidi, kwa muda mrefu, kwa taa yake ndogo. Alituambia ni ugonjwa mmoja, wa kurithi. Alisema mtu wa namna hii anaona kama anayechungulia kwenye mwanzi, na mwanzi unazidi kuwa mwembamba. Wa baba ni mwembamba sana sasa. Wa kijana bado mpana.

"Dawa?" nikauliza.

"Kwa sasa hakuna, mama."

"Ni protini gani iliyo na kasoro?" ukauliza wewe.

Akatabasamu kwa huzuni. "Dada, ziko nyingi zinazoweza kuleta hali hii. Hapa hatuna namna ya kujua ni ipi."

Baba yako akanyanyuka, akamshika Saidi bega. "Haya," akasema, "mwanangu, mimi nitakufundisha mashine." Ndipo Saidi alipolia. Si kwa daktari, kwa mashine.

Na majibu yako ya kwenda kusoma yalipokuja, ulitoka kwenye ile nyumba ya kompyuta pale mjini, ukaja ukakaa mezani, ukasema, "Nimepata. Lakini siendi."

"Kwa nini huendi?" baba yako akauliza.

"Baba haoni, Saidi anaelekea huko huko, mama anazeeka. Nani atamshika Saidi mkono?"

Hukuniona uso wangu, kwa kuwa nilikuwa nimeinamia sufuria. Ungeuona ungejua. Nilifurahi, Rehema. Kwa pumzi moja nilifurahi kwamba hutakwenda. Sikusema kitu, na kunyamaza kwangu kulikuwa kukuvuta. Aliyesema ni Saidi.

"Dada, mimi si furushi."

Ukasema, "Sikusema wewe ni furushi."

"Umesema nishikwe mkono. Nimekuomba mkono? Ukibaki hapa kwa ajili yangu, tutakuwa wawili tusiokwenda popote, na lawama ni yangu." Kisha akasema, "Mimi nataka kusoma ualimu. Nimeshamuuliza mwalimu mkuu, wako walimu wasioona kabisa na wanafundisha. Nimeuliza mwenyewe. Hakuna aliyenituma."

Nilishangaa kuliko wote. Mvulana huyu alikuwa ametembea na jambo lake miezi, akaenda akauliza, na sisi watu wazima watatu tulikuwa tunagombania kumbeba.

Tangu siku ile silali vizuri, nami nimejua kwa nini. Mimi ndiye niliyekufundisha kazi hii. Nilikuweka katikati ya kiti cha lori ukajifunza kwamba anayeona ndiye mwenye deni, kwamba ukisema una kiu mtu atavunjika mguu. Ulipiga kelele "Mtu!" na kelele hiyo bado unaipiga. Nimekusikia usingizini ukiwa msichana wa sekondari. Nilikuwa nikikufunika shuka na kurudi kulala, badala ya kukuamsha nikuambie: si wewe uliyekuwa unaendesha.

Si wewe uliyekuwa unaendesha, mwanangu.

Jua limeanza kuinama, nanyi mtakuwa njiani. Niharakishe.

Huko unakokwenda utatazama vikonyo vya macho ya inzi mpaka vikuchoshe. Utapima kama ni virefu au vifupi. Na itafika siku utakapotaka kwa moyo wako wote kikonyo kimoja kiwe kirefu, kwa sababu kikiwa kirefu maana yake umepata kitu, na ukipata kitu labda baba, labda Saidi. Siku hiyo ndiyo ninayoiogopa, kuliko baridi, kuliko wanaume wa huko. Kwa maana mtu anayetaka sana kuona ataona. Siku hiyo umkumbuke baba yako mbele ya askari. Angeweza kusema breki. Kila mtu angemwamini, na mkewe alikuwa ameshamwandalia maneno. Alisema sikumwona. Kikiwa kifupi, andika kifupi. Usipojua, sema hujui, kama ulivyoniambia mimi nilipokubana mwezi uliopita: "Mama, sijui kama ugonjwa wa baba ni wa protini hiyo. Huenda ni nyingine kabisa." Nilikasirika. Nilitaka uniongopee kidogo. Nashukuru hukufanya hivyo.

Na usiende kama mtu aliyetumwa dawa. Hujatumwa. Ikipatikana, Alhamdulillahi, na kama itapatikana kwa watoto wa watu wengine sisi tukiwa tumeshazikwa, pia Alhamdulillahi. Lakini swali lile la nani anauambia utando, nililiuliza mimi, kwenye jamvi, na brashi mapajani, kabla hujataja ugonjwa. Nililiuliza kwa kutaka kujua tu. Nataka jibu lake hata kama halimponyi mtu. Ukiliona niandikie, na uandike kwa Kiswahili, usiniletee maneno ya kigeni yenye vichwa vya nyoka.

Kuhusu kurudi sisemi. Wengine wamerudi, wengine hawakurudi, na mama zao wote wanaamka asubuhi. Sitakuuliza kwenye simu unarudi lini. Nikikuuliza, jua nimeshindwa siku hiyo tu, unijibu kwa habari nyingine.

Nilisema sitakupa maagizo, lakini liko moja, na ndilo lililonifanya niandike leo badala ya kungoja nikupigie simu.

Jana baba yako alikaa nami uani ukiwa unafunga sanduku. Akaniambia, "Mama Rehema, uso wake siupati. Nikiona jicho, mdomo umepotea. Nikienda mdomoni, jicho limepotea. Nauona kipande kipande, kisha naviunganisha mwenyewe, na siamini kama naviunganisha sawasawa." Akaongeza, "Nataka niuone kabla hajaondoka. Lakini siwezi kwa haraka. Na basi lake ni la giza."

Kwa hiyo asubuhi hii nilikwenda stendi. Si kununua nyuzi kama nilivyokuambia. Nimekubadilishia tiketi, utaondoka na basi la mchana. Ndege yako ni ya kesho kutwa, utawahi. Nimemwambia baba yako, hajui kama nimekuambia.

Kesho jua likishapanda kwenye ukuta wa uani, toka nje ukakae kwenye kile kigoda, uelekee mashariki, mwanga ukuangukie usoni. Yeye atakaa mbele yako. Usimsemeshe. Usifiche machozi, nayo anataka ayaone. Atachukua muda mrefu, atakwenda kwenye paji la uso, atarudi kwenye kidevu, atapotea, ataanza tena. Mimi nitakuwa ndani, nimejishughulisha na chochote.

Wewe kaa. Mwache akutazame mpaka amalize.

Mama yako